Tirik na Mwenzake Asiyekuwepo

Ijumaa, 24 Julai

Nimempata! Nina farasi! Mimi, Gibbie Halcrow, miaka kumi na saba, ambaye walimu walishaniaga kabla sijaaga, leo ni mwenye farasi. Na si farasi wa kuazima. Ni mmoja wa hawa wafupi wetu wa visiwani: kimo kiunoni, tumbo pipa, nywele mpaka puani.

Mama Baabie Inkster alinipandisha mlimani nichague. Ana wanane. Akanionyesha jike mmoja mtulivu, miaka kumi na minne, akasema huyo anamfaa mtu asiyejua kitu. Asiyejua kitu! Mimi niliyetazama video za farasi majira ya baridi yote! Nikamwambia nataka mwenye moto. Nikamchagua Tirik. Jike wa miaka minne, mweusi kwa mweupe, kapewa jina la wale ndege wa pwani wanaodonoa watu utosini. Papo hapo akanichana mkono wa sweta. Dalili ya akili.

Bei tumeelewana: nimsombee Mama Baabie udongo wake wa kuchoma, ule mweusi tunaoukausha na kuutia motoni badala ya kuni, wote, kutoka mlimani hadi nyumbani kwake. Mgongo utalia. Basi ulie.

Lakini ana masharti. La kwanza, farasi hakai peke yake. Ni mnyama wa kundi, akikosa mwenzake anaugua moyo. La pili, asiguse majani mabichi ya bondeni. Hawa wamezaliwa kwa shida ya mlimani, shibe inawaunguza kwato mpaka washindwe kusimama. Jumapili ya tarehe tisa atakuja kukagua, akitoka kanisani. Akikuta sivyo, anampakia Tirik na kurudi naye. "Na wewe jina lako nitalisahau," akasema.

Akaniuliza kama nyumbani nina farasi mwingine. Nikasema ninaye. Jibu lilitoka lenyewe, kama chafya.

Sina. Nina Bibi, na mbwa anayeogopa kondoo. Lakini wiki mbili ni nyingi mno!

Jumamosi, 25 Julai

Tumetembea maili nne kurudi nyumbani. Sahihisho: Tirik katembea, mimi nimeburutwa.

Njiani tukapitwa na binamu yangu Lowrie na gari lake. Akapunguza mwendo makusudi. Akauliza nani anampeleka nani. Lowrie ana farasi watano, na miaka mitatu mfululizo ameondoka na utepe mwekundu wa mshindi kwenye maonyesho ya wilaya. Utepe wenyewe kautundika chooni ili kila mgeni auone akiwa hana pa kukimbilia. Akasema eti mimi hata baiskeli ilinifia.

Sawa. Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe nane. Kuna shindano la majike wa miaka minne. Lowrie anampeleka wake. Na mimi nampeleka Tirik! Na atang'aa!

Ili ang'ae lazima ale. Nimemwachia shamba la chini la Bibi, lile la majani ya akiba ya ng'ombe, yamefika magotini. Bibi Osla akatoka mlangoni na kufuma kwake mkononi, sindano hazisimami hata akikasirika. Akasema hapo sipo. Nikamweleza kwamba farasi mdogo ana tumbo dogo. Akasema na kijana mdogo ana ubongo mdogo. Sikumjibu. Nina heshima.

Jumatatu, 27 Julai

Mpango wa mwenzake, jaribio la kwanza: kondoo dume wa Bibi. Ana miguu minne, ana manyoya, anakula majani. Nani atajua tofauti kwa mbali?

Tirik alijua. Kamzungusha shamba zima mara saba. Sasa kondoo yuko juu ya rundo letu la udongo wa kuchoma na hataki kushuka. Bibi kaniambia nimpelekee maji huko huko juu, na niombe radhi. Nimepeleka maji.

Jumatano, 29 Julai

Jaribio la pili, na hili ni la kisomi: kioo! Nimetoa kioo kirefu cha kabati la Bibi, nikakiegemeza kwenye ukuta wa mawe. Farasi akijiona, atadhani ni wawili. Tena mwenzake mzuri, hakuna mzuri kumzidi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tirik akasogea. Akanusa. Akatoa sauti ndogo ya chini sana, sijawahi kuisikia. Akazunguka nyuma ya kioo kumtafuta yule mwingine. Hakumkuta. Akarudi mbele. Akazunguka tena. Mara nne. Kisha akakipiga teke.

Nimefagia vipande mpaka cha mwisho kwa ajili ya kwato zake. Bibi akachukua tu utepe wake wa kupimia sweta, akaenda kumpima Tirik tumbo. Halafu akamshika shingo kwa juu. Akasema imekakamaa kwa mafuta kama kamba ya mashua iliyolowa chumvi, na kwamba akiwa msichana aliona farasi wa baba yake akilala chini na shingo kama hiyo, na hakuinuka.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Alhamisi, 30 Julai

Tirik kafungwa kiuani, penye mawe matupu, na fungu la majani makavu. Diyeti! Mwenyewe hajaipenda. Toka asubuhi analia. Mlio unakwenda mpaka ng'ambo ya maji na kurudi. Jirani kapiga simu kuuliza kama tunachinja mtu.

Mvua ya ubavu, ile yetu ya kuingia masikioni. Nikavaa koti la kazini, lile la kwenye mabwawa ya samaki, nikaenda kukaa naye. Nikamsomea gazeti. Bei ya sufu, ratiba ya meli, na barua ya mtu anayelalamikia ukumbi kuishiwa keki. Kwenye keki akanyamaza. Akaweka kidevu begani kwangu, akaniegemea na uzito wake wote, na mvuke ukitoka mgongoni kama birika.

Nisiseme uongo humu, maana hakuna anayesoma. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hata akiwa wa mwisho maonyeshoni, simrudishi. Mama Baabie hampakii huyu!

Ila hatakuwa wa mwisho.

Ijumaa, 31 Julai

Nimekwenda kwa Lowrie. Imebidi.

Ana farasi mzee aliyehasiwa, Olli, mvi tupu, mpole kama godoro. Nikamwambia nafikiria kumsaidia kumpunguzia mzigo, nikae na Olli wiki moja hivi. Lowrie akaendelea kunywa chai. Akauliza ni wiki ile Mama Baabie anakuja kukagua? Kisiwa hiki! Ukikohoa kaskazini, kusini wanakuletea dawa.

Akanizungusha kama kondoo sokoni. Akataka niseme kwamba yeye anajua farasi kuliko mimi. Nikasema. Akataka niseme kwa sauti, mkewe asikie kule jikoni. Nikasema. Mkewe akapaza sauti kwamba kasikia, na amwache mtoto wa watu. Kisha likaja sharti lenyewe: Olli nitapewa, lakini nisimpeleke Tirik maonyeshoni.

Ananiogopa! Ushahidi huo!

Nikampa mkono. Nilipeana mkono kwa dhati kabisa. Dhati ilidumu mpaka getini.

Jumapili, 2 Agosti

Olli kafika. Tirik kamkimbilia, wakanusana pua, kisha wakasimama kichwa kwa mkia, kila mmoja akimfukuzia mwenzake nzi. Kimya. Kimya mpaka nikasikia sindano za Bibi kutoka jikoni. Kazi imekwisha! Mama Baabie aje hata kesho!

Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nimefikiria. Lowrie alisema MIMI nisimpeleke Tirik. Hakusema Bibi asimpeleke. Fomu ina nafasi ya jina la mwenye farasi. Nimejaza: Osla Halcrow. Mwandiko wangu wa wazee ni mzuri kuliko mwandiko wangu.

Bibi nitamwambia. Muda ukifaa.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwogesha Tirik. Sabuni ya vyombo, maji moto, ndoo tisa. Povu mpaka barabarani. Kang'aa kama sahani! Bibi kasema nimemtoa mafuta yote ya ngozi, ndiyo koti lake la mvua, na usiku huu kunanyesha. Kwa hiyo Tirik amelala bandani na sweta la Bibi mgongoni, lile la michoro, la kwenda kanisani. Amelivaa vizuri kunishinda.

Tumbo limepungua kidogo. Ukimtazama kwa mbele.

Jumamosi, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Watu wengi. Upepo. Harufu ya supu ya nyama kavu ya kondoo kila mahali. Bibi nimemwacha ukumbini na kipande cha keki, nikijua atashinda humo. Mara kipaza sauti kikatangaza majike wa miaka minne, na mwenye namba tatu ni Bibi Osla Halcrow. Ukumbi mzima ukageuka. Bibi akatoka na keki yake, polepole, akasimama kando ya kamba ya uwanja pamoja na watu wote, akila, akinitazama.

Lowrie alikuwa namba mbili. Akanitazama mimi, akamtazama Tirik, akatazama namba. Akasema taratibu bila kugeuza shingo kwamba leo jioni Olli anarudi kwake.

Hilo lingetosha. Lakini mwamuzi akatoka hemani na koti lake jeupe. Mama Baabie.

Jina lake lilikuwa kwenye karatasi mlangoni mwa ukumbi wiki tatu nzima. Nani anasoma karatasi za mlangoni?

Akafika kwetu. Hakunisalimu. Akamshika Tirik shingo. Akampapasa mbavu, akazitafuta, hakuzipata. Akainama, akaweka kiganja kwenye kwato, moja baada ya nyingine, kama mtu anayempima mtoto homa. Akainuka. Akauliza kwa sauti ya watu wote: huyu ni farasi wa nani?

Lowrie kushoto, ananisikiliza. Nikisema wangu, nimevunja ahadi mbele ya wilaya. Nikasema ni wa Bibi.

Akauliza tena, kama nina hakika. Nikasema nina hakika, kabisa, tangu mwanzo.

Tirik kageuka akanitazama. Naapa alinitazama.

Tumekuwa wa tano. Walikuwa watano.

Jumapili, 9 Agosti

Olli aliondoka jana jioni. Tirik kalia mpaka sauti ikakauka.

Mama Baabie kaja saa saba, gari na tela nyuma. Akaniuliza yuko wapi mwenzake. Nikasema yuko huku huku, ana aibu tu. Akasema nimwite. Nikaita. Akaja mbwa.

Akanipita, akaingia jikoni kwa Bibi, mlango ukafungwa. Wakanywa birika mbili. Nilihesabu kwa filimbi ya birika likichemka. Mimi nilikuwa kiuani nimemkumbatia Tirik shingo, naye anatafuna kola yangu. Nikafikiria kutoroka naye. Lakini hiki ni kisiwa.

Walipotoka, Mama Baabie akaenda moja kwa moja kufungua tela. Hapo nikasema yote, kwa pumzi moja: majani ya ng'ombe, kondoo, kioo, Olli, fomu, sabuni. Nikamwambia ampakie mwingine yeyote lakini siyo huyu, na kwamba nitamsombea udongo mpaka nioe, na wala sina mchumba. Pua ilikuwa inachuruzika. Ni upepo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwato zina uvuguvugu, hazijawaka bado, nishukuru zile siku za kiuani. Akasema kwamba biashara yake na mimi imefutika, kwa sababu mbele ya mwamuzi, yaani yeye, na mbele ya wilaya nzima, nilitamka mara mbili kwamba farasi ni wa Osla. Basi ni wa Osla. Na yeye na Osla hawana ugomvi. Osla anajua farasi tangu hajaota meno ya pili.

Kisha akashusha kutoka kwenye tela dume mzee aliyehasiwa, Haakon, miaka ishirini na miwili, amekuja kustaafu hapa kama mwenzake Tirik. Tirik akatoa ile sauti ndogo ya chini.

Wote wawili wanahamia kipande cha juu cha Bibi, penye mawe na majani ya kukwaruza ulimi. Mimi nabeba maji mara mbili kwa siku, nasafisha, naitwa kijana wa farasi. Udongo wa Mama Baabie nausomba vile vile. Bibi akaniuliza nina neno? Nikasema sina. Akasema vizuri, kioo chake ni kipana hivi, na akanionyesha kwa mikono.

Jumatatu, 10 Agosti

Ushindi!

Hebu hesabu. Niliingia na farasi mmoja, leo wako wawili nyumbani, na lawama zote ni za mwenye mali, siyo zangu. Lowrie hakupanga hata nusu ya haya. Tirik kanishika sweta asubuhi na kunivuta mpaka kwenye ndoo. Bibi anaweza kuandikwa popote anapotaka, lakini farasi mwenyewe anajua.

Kisha nikashuka mjini kununua misumari ya geti, na pale gatini kulikuwa na meli kubwa ya watalii! Mama mmoja wa kofia akaniuliza kama nawafahamu wale farasi wadogo. Nikasema nawafahamu? Ninafuga sita! Anakuja Alhamisi, yeye na basi zima, kuwaona wote sita.

Bibi bado hajui. Muda ukifaa nitamwambia. Na sita siyo tatizo. Kuna ukuta mrefu nyuma ya nyumba, na wawili, ukiwapitisha vizuri mbele yake na kuwarudisha kwa nyuma, mara tatu, bila haraka, ni sita.