Viatu Kumi na Kimoja vya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kitinda mimba wangu kapiga simu kabla sijatia hata maji usoni. Anakuja Jumamosi. Nikafurahi. Kisha akasema anakuja kunichukua. Furaha ikakatika.

Eti umri umekwenda. Eti naishi peke yangu. Eti dada yake alipokuja juzi aliona mambo humu chumbani, akaondoka na wasiwasi. Nikamuuliza mambo gani. Akasema tutaongea nikifika, mama. Sauti ya kubembeleza, kama anamshusha paka juu ya paa. Mimi! Niliyemfuta kamasi kwa kiganja hiki hiki!

Kwake nakujua. Vigae mpaka chooni. Kikiharibika kitu wanapiga simu, anakuja mtu wa sare. Hakuna hata msumari mmoja wa kupigilia. Nitawekwa kwenye kochi kama mto mpaka nife. Siendi.

Miaka thelathini nimetengeneza majiko ya mafuta. Shule sikuiona, herufi nimezikusanya kwenye mifuko ya saruji na makopo ya rangi. Lakini sanduku langu la vifaa linajulikana. Uani kwetu vyumba saba, na wote wanaazima kwangu. Sheria ni moja: ukichukua kifaa, acha kiatu. Cha kushoto. Mtu wa kiatu kimoja haendi mbali. Viko chini ya kitanda, nimevipanga vizuri.

Sasa shida. Wiki mbili hakuna aliyebisha hodi kuazima kitu. Nimefungua sanduku, mna bisibisi peke yake. Vingine vyote viko kwa watu. Na bisibisi hakuna anayeitaka! Wamenitupa. Najua kwa sababu ya nani. Yule fundi wa chumba cha mwisho, Bwana Drili. Kanunua mashine ya kutobolea, ina waya wa njano na kelele za kumwamsha maiti. Anaazimisha bila kiatu. Hana adabu.

Jumamosi mwanangu lazima akute foleni mlangoni kwangu. Aone nikiondoka mimi, nyumba hii inaanguka.

Jumanne, tarehe 5

Mpango wa kwanza: maneno. Hayahitaji vifaa.

Nimemwendea Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja. Nikamwambia mtetemo wa ile mashine unalegeza meno ya watoto. Akasema pacha wake hawajaota meno. Nikasema basi hayataota. Akacheka mpaka akaushika ukuta. Eti kelele ile ndiyo inayowalaza, ikinyamaza ndipo wanapoamka!

Nikaenda kwa Kinyozi, anayenyoa watu pale barazani. Nikamnong'oneza kwamba Bwana Drili anasema wewe hujui kunyoa. Akasema anajua, aliambiwa uso kwa uso, na tangu siku hiyo anamnyoa taratibu zaidi. Wanapatana! Watu wazima wawili, hata ugomvi mdogo wa kujisaidia hawana. Kizazi gani hiki?

Nimerudi na pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mama yao macho yamevimba kwa usingizi, nikamwambia lala wewe, unatisha. Hilo si sehemu ya mpango. Limetokea tu.

Jumatano, tarehe 6

Mpango wa pili. Huu una bisibisi.

Bisibisi yangu naipenda kuliko baadhi ya wakwe zangu. Mpini ulivunjika, nikauvalisha mpira wa tairi la baiskeli. Imefungua majiko, makopo, vitasa, na mara moja jino la marehemu mume wangu, kwa ridhaa yake. Mchana watu wametoka, ua mtupu. Nikalegeza kiti cha Kinyozi. Nikalegeza meza ya Mama Pacha, ile anayoiweka nje ya mlango. Nikalegeza bomba la maji, nikamalizia na komeo la bafu la wote.

Kulegeza si kuharibu. Nimegeuza robo hapa, nusu pale. Vishike mpaka Jumamosi, kisha vilie vyote kwa pamoja. Watakuja mbio!

Bwana Drili karudi kula, kanikuta nimelala chali chini ya kiti cha Kinyozi. Akaniamkia vizuri. Akauliza, Bibi, unafanya nini huko? Nikasema naua siafu. Akaitazama bisibisi. Nikamwambia ni siafu wakubwa.

Alhamisi, tarehe 7

Havikushika mpaka Jumamosi. Havikushika hata mpaka saa tatu asubuhi!

Kiti cha Kinyozi kimeanza. Mteja kaanguka akiwa kanyolewa nusu kichwa, akainuka, akaenda zake hivyo hivyo. Kisha bomba likaruka, maji mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Kisha meza ya Mama Pacha ikapiga magoti, chupa ya chai chini, vipande. Nikatoka na bisibisi yangu nikitembea polepole, nisionekane nilikuwa nangoja.

Nimechelewa! Yule bwana keshafika. Vrrrr kiti. Vrrrr meza. Kabla ya saa sita kamaliza kila kitu, na skrubu kazikaza hivi kwamba bisibisi yangu haizitikisi tena. Nimejaribu. Na nitakuwa mkweli kwenye daftari langu: kupigilia anajua. Nyundo yake nzuri sana, ina kitambaa chekundu kwenye mpini, kama nilivyoifunga yangu. Kaniiga mpaka hapo.

Chupa yangu ya chai nimempa Mama Pacha. Akauliza kwa nini, wakati meza imeanguka yenyewe. Nikamwambia chukua, maswali mengi yanakausha maziwa. Sasa nakunywa chai ya baridi. Nastahili kidogo.

Ijumaa, tarehe 8

Kesho ndiyo kesho. Mpango wa tatu, na huu hauna tundu: nikiwa na drili yake mimi, watu watakwenda wapi?

Nikamwendea Bwana Drili nikiwa mtamu kama asali. Nikamwita baba. Nikamsifia kiti, nikamsifia meza. Nikasema nina tundu la kutoboa, naomba mashine mpaka Jumapili. Akasema hakuna neno, Bibi, chukua. Nikanyoosha mkono. Akasema, ila sheria ya ua huu naijua.

Akakinyooshea kidole kiatu changu.

Cha kushoto! Cha jozi yangu nzuri! Nikavua. Kakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, mwizi mkubwa.

Viatu vingine nilivyobaki navyo ni malapa, na mkanda mmoja umekatika. Haidhuru. Mwanangu hataangalia miguu.

Jumamosi, tarehe 9

Kaangalia miguu.

Kafika saa tatu, kanenepa, kapendeza, nikamkumbatia mpaka kofia ikadondoka. Alipoinama kuiokota ndipo akaona: mguu wa kulia kiatu, wa kushoto soksi. Akauliza kingine kiko wapi. Nikasema kiko kwa fundi. Akauliza kama kinashonwa. Nikasema hakishonwi, ni dhamana ya drili. Akauliza drili iko wapi. Nikasema imelala.

Nilikuwa nimeificha kitandani. Blanketi mpaka shingoni, kichwa juu ya mto, ili mtu akichungulia adhani ni mjukuu. Mwanangu akafunua blanketi. Akalirudisha taratibu, akaliweka sawa. Kisha akapiga magoti akaangalia chini ya kitanda.

Akavihesabu kwa sauti. Viatu kumi na kimoja, vyote vya kushoto. Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

Kumbe ndiyo mambo aliyoyaona dada yake! Alimwambia mama anaokota viatu barabarani. Nikamweleza sheria yangu, kiatu kimoja baada ya kingine. Hiki cha koleo. Hiki cha msumeno. Hiki kidogo cha futi. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunipapasa bega na kusema ndiyo mama, sawa mama. Hakuna kitu kinachomfanya mtu aonekane kichaa kama kusema ukweli akiwa na kiatu kimoja.

Akapanga nguo zangu kwenye begi. Nikalikalia begi. Akaninyanyua na kuniweka pembeni kama chungu. Nilimlea vizuri mno, ana nguvu. Nikaona kweli nakwenda. Nikakitazama chumba, alama za moshi wa majiko ukutani, nikazipapasa kwa kiganja.

Akavikusanya viatu vyote kwenye gunia, akatoka navyo kwenda shimo la taka.

Hakufika mbali. Kinyozi kaona gunia na kisigino kinachungulia, akapiga ukelele: huyo, mwizi wa viatu! Milango ya ua mzima ikafunguka. Kinyozi mbele, mkononi koleo langu. Mama Pacha nyuma yake na futi yangu, alikuwa akipima pacha nani kamzidi nani. Wengine msumeno, wengine tindo. Mwisho kabisa Bwana Drili, mkono huu kiatu changu, mkono huu nyundo ya kitambaa chekundu.

Wakamzunguka. Mwanangu akajitetea kwamba viatu ni vya mama yake.

"Vya mama yako wapi! Hiki changu!" Kinyozi huyo. "Kiko kwa Bibi tangu mwaka jana, kwa ajili ya hili koleo."

Mwanangu akaanza kuuliza, kimoja kimoja. Koleo la nani? La Bibi. Msumeno? Wa Bibi. Na hiyo nyundo? Bwana Drili akatazama vidole vyake vya miguu. Akasema ni ya Bibi, kapewa na Kinyozi. Yeye kununua kanunua drili tu, vingine vyote anavyofanyia kazi ni vya Bibi.

Mwanangu akakaa juu ya gunia. Akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yale yale yakabadilisha kazi. Akasema, "Mama, hawaji kuazima kwa sababu hujabakiza cha kuazima!"

Upuuzi. Lakini sikumkatiza, alikuwa amechangamka.

Kinyozi akamuuliza kwa adabu, ukimchukua Bibi, vifaa vinabaki au vinakwenda? Mama Pacha akampiga kofi la bega. "Vifaa ndiyo shida yako? Na Bibi mwenyewe je? Mimi alfajiri nitampa nani hawa?" Akamtwisha mwanangu pacha mmoja ili aelewe uzito. Pacha akamkojolea shati.

Karudi ndani kubadilisha. Katoa shati lake kwenye begi lake, kisha katoa nguo zangu kwenye begi langu, kazirudisha msumarini. Mimi nami nikajifanya natafuta chumvi.

Nimebaki!

Mpango umefaulu kila hatua. Nilisema atakuta foleni, na foleni kaikuta.

Jumatatu, tarehe 11

Mwanangu kaondoka jana. Atakuja kila mwezi, kasema. Kila mwezi ni mbali. Nimewaza usiku kucha na nimepata dawa: ahamie hapa. Chumba cha katikati kiko wazi tangu mwezi uliopita. Kazi yangu ni moja tu, kuhakikisha hakipangishwi.

Leo asubuhi kaja kijana mmoja kukiangalia. Mrefu, mpole, kaniamkia. Nikamvuta pembeni kama mwanangu wa kumzaa. Nikamwambia baba, usidanganyike, paa la hicho chumba linavuja. Mvua ikinyesha unalala na sufuria tumboni. Mpangaji wa mwisho aliota kuvu.

Uso wake ukang'aa! Kumbe kazi yake ni kuziba mapaa. Kakimbia kwa mwenye nyumba, kamwambia atalitengeneza mwenyewe akipunguziwa kodi. Saa saba keshahamia.

Nimekasirika mpaka nikapika. Nikampelekea sahani, maana mwembamba mno yule, mama yake yuko wapi? Na pale nyuma ya mlango wake nikaiona. Ngazi! Ya chuma, ndefu, inakunjika. Maisha yangu yote sijawahi kuwa na ngazi.

Nikamwomba. Akasema chukua tu, Bibi. Kiatu hakutaka, mgeni, hajui sheria, na mimi sikuona haja ya kumchosha na habari za sheria siku ya kwanza. Iko chini ya kitanda sasa, miguu inatokeza nje kidogo.

Kaniuliza nitairudisha lini. Nikamwambia asiwe na haraka hivyo, yeye bado kijana.