Gadi Asiye na Mkono wa Kushoto

Wana kikapu wa grupu hili, leo nimepatikana. Naandika nikiwa kwenye gari, Rehema ndiye anaendesha, na tangu tutoke kwa shangazi yake Pearland kanisemesha mara moja tu.

Iko hivi. Mimi na Rehema tunataka kuoana. Wazazi wake wako Morogoro, kwa hiyo huku Marekani mwenye kauli ni shangazi yake, nesi, anaitwa Mama Glory. Shangazi akikataa, Morogoro nako wamekataa. Asubuhi tumetoka kwetu Plano kwenda kwake kujitambulisha, na njia nzima Rehema ananisihi jambo moja: niongee kidogo. Nikamwambia aondoe shaka. (Mnanijua.)

Tukapokelewa vizuri. Rehema na shangazi wakaingia jikoni, mimi nikabaki sebuleni na mume wa shangazi, Baba Glory, mzee mpole asiye na maneno. Kwenye TV walikuwa wanachambua vijana wa vyuo watakaochaguliwa na timu kubwa kwenye draft ya kikapu. Ikafika zamu ya magadi, wale wapandisha mpira. Wakawaweka wawili ubavu kwa ubavu: mmoja mfupi wa chuo cha kaskazini huko, mwingine mrefu wa hapa hapa Texas, yule ninayemponda humu kila siku, Kelvin nani sijui. Jina la ukoo watangazaji walilitafuna mpaka huwezi kujua ni la wapi. (Mimi naangalia uchezaji, siyo ukoo wa mtu.)

Mzee akaniuliza taratibu, mimi ningemchukua nani.

Jamani, kwa nini aliniuliza? Nikasogea ukingoni mwa kochi. Nikamwambia namchukua mfupi, bila kufikiri. Huyu mrefu mkono wa kushoto hana, mpira anaudundisha kwa kulia tu. Akibanwa anapoteza mpira. Kulinda halindi, anasubiri wenzake. Mzee anatikisa kichwa polepole, mimi naona nimekubalika (zuzu kabisa), nikaongeza la kwangu:

"Huyu, baba, kalelewa kimayai. Ukimwangalia tu unajua mama yake mpaka leo anamkatia nyama kwenye sahani."

Nikageuka. Shangazi amesimama mlangoni na bakuli la pilau. Nyuma yake Rehema kashika kichwa.

Shangazi akatua bakuli mezani, akaita kuelekea juu: "Boni, shuka ule."

Boni nilikuwa namsikia tu. Mdogo wake Glory, binamu yake Rehema, yuko chuo. Sasa ninyi wenzangu mnatujua Watanzania: mtoto nyumbani anaitwa jina la babu, la kwenye cheti tunawaachia walimu. Na wazazi wanaitwa kwa mtoto wa kwanza, Mama Glory, Baba Glory, basi. Hilo jina la ukoo ningelijulia wapi?

Akashuka Kelvin. Akainama kidogo kupita mlangoni, akanipa mkono. Wa kulia. Kwenye TV bado alikuwa anapoteza mpira.

Tukala. Shangazi akampakulia pilau, halafu, macho yake usoni kwangu, akachukua kisu akaanza kumkatia nyama. Vipande vidogo vidogo. Boni anauliza kwa Kiingereza mama ana nini leo. Nimeomba msamaha mpaka mate yamenikauka. Baba Glory anatazama sahani yake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Wakati wa kuaga, shangazi akanisogelea.

"Kushoto kweli hana, hata mimi nimemwambia. Ila habari za posa tutaongea draft ikipita. Mwanangu akichaguliwa, karibu. Asipochaguliwa, Rehema bado mdogo, atapata mwingine."

Kwenye gari nimemuuliza Rehema kwa nini hakuniambia. Kasema aliniambia zamani kwamba binamu yake anacheza kikapu, nikamjibu Texas kila mtu anacheza kikapu, nikaendelea kuongea mimi. Ndiyo nimetoa simu, nawaandikia.

Kwa hiyo ndugu zangu, yote niliyowahi kuandika humu kuhusu yule kijana wa Texas, futeni. Analinda vizuri mno. Kushoto anako. Na kama kuna mtu humu anamjua mtu anayemjua kocha yeyote wa timu kubwa, anitafute inbox, nataka kuoa.