Ombi la Kupunguzwa kwa Mlima wa Mtaa wa Juu Kabla ya Jumapili

Kwako Mheshimiwa Mhandisi wa Barabara za Mji,
Ghorofa ya juu kabisa, ofisi yenye feni.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Mimi naiandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, na sababu utaielewa ukifika lalamiko la tatu. Kwa jumla afya yangu ni njema, ukiondoa magoti, mapaja, kiuno, na sehemu nyingine ambayo adabu hainiruhusu kuitaja katika barua inayokwenda serikalini.

Yawezekana hunijui kwa sura, lakini jina Mjomba Injini lazima limeshapanda ngazi hadi huko juu. Sikujipachika. Nilipewa na watu wenye macho, enzi za ujana wangu, siku nilipompeleka mama mkwe wangu hospitali kwa baiskeli. Alikuwa amelala kitandani, nami sikutaka kumsumbua, kwa hiyo nikambeba pamoja na kitanda. Nilikanyaga kwa utulivu kiasi kwamba tulipofika mlangoni mwa hospitali alifumbua macho akauliza tunaondoka saa ngapi. Mke wangu anasema ulikuwa mkokoteni na aliyeusukuma ni jirani. Namheshimu mke wangu. Tumeishi vizuri kwa kila mtu kubaki na kumbukumbu zake.

Siku hizi napima mizigo kwenye ghala la nafaka. Wengine hubeba magunia, mimi hukaa kando ya mizani na kusoma mshale. Ni kazi ya akili, na akili inataka kiti. Siku moja wapagazi walipokwenda kula, nilipanda mwenyewe juu ya mizani, utani tu. Mshale uliondoka, ukapita pale tunapoandika gunia la maharage, ukaendelea na safari. Nilishuka kabla haujafika. Nikaenda zahanati. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha mkononi, akatazama, akatazama tena, akasema, "Mjomba, presha yako inapanda vizuri sana. Tatizo ni wewe, hupandi hata ngazi." Akaniagiza nitafute zoezi jepesi la kujifurahisha, kwa mfano baiskeli. Nikanunua baiskeli nyekundu. Furaha bado naisubiri.

Yote haya yangekuwa siri yangu na magoti yangu kama isingekuwa shemeji. Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu, ni fundi cherehani, na Mungu amemjalia kibanda pale juu, mlima unapoishia. Anakanyaga cherehani kutwa nzima bila kwenda popote, huku akiwatazama wanaopanda. Jumamosi yangu ya kwanza nilifika pale nikiwa nimeishika baiskeli usukani, tunatembea pamoja kama wachumba. Kibanda kimejaa wateja. Shemeji akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Karibu shemeji! Naona leo baiskeli imekuja na mgeni."

Walicheka, Mheshimiwa. Mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni alicheka mpaka ikabidi apimwe upya.

Mdomo wangu una tabia ya kuondoka kabla mimi sijawa tayari. Nikajisikia nikisema mbele ya umati ule kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi nitapanda kutoka kule chini hadi mlangoni pale bila mguu kugusa ardhi, na ukigusa, baiskeli ni yake. Shemeji hakubishana. Alivua utepe shingoni, akapima mguu wake kuanzia nyongani hadi kisiginoni, akapima kutoka siti ya baiskeli yangu hadi pedali, kisha akaandika kwa chaki ukutani. Akasema, "Nitaishusha siti kidogo tu. Nyekundu inanikaa."

Sasa Jumapili yenyewe ndiyo hii inayokuja. Nisingekusumbua kwa ajili ya chuma na mipira miwili. Lakini jioni nikiipitisha baiskeli hiyo mtaa wa chini, ambako ni tambarare na mimi ni mwepesi, mke wangu hutoka na kusimama mlangoni kunitazama. Anajifanya anakung'uta mkeka. Mkeka hauna vumbi, Mheshimiwa, umekung'utwa jana na juzi. Mara ya mwisho mwanamke yule kutoka nje kwa ajili ya kunitazama tu, bado nilikuwa na kiuno. Sitaki kitu hicho kiende kukaa kwenye kibanda cha cherehani.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Mlima huu ni mrefu kuupanda kuliko kuushuka. Nimeupima kwa mwili wangu mwenyewe. Kushuka, unapiga mwayo, unafumba mdomo, umefika. Kupanda, unapata nafasi ya kuyafikiria maisha yako yote, na yakiisha unaanza ya ndugu zako. Lami ni ile ile, nguzo za taa ni zile zile. Ni wazi kwamba vijana wako walipokwenda kupima barabara walianzia juu. Sayansi nimesoma, isipokuwa siku mwalimu alipofundisha habari za dunia kuvuta vitu nilikuwa na homa, kwa hiyo sheria hiyo hainihusu moja kwa moja.

2. Mlima unakua. Nilipopita hapo na mama mkwe na kitanda haukuwepo, ama ulikuwepo kwa adabu. Nilimuuliza fundi baiskeli, mtu mkweli, kati yangu na mlima nani ameongezeka. Akautazama mlima, akalitazama tumbo langu, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mjomba, mimi natengeneza baiskeli tu." Mtu akikwepa swali namna hiyo ujue analinda siri ya serikali. Wahenga walisema milima haikutani. Nakuhakikishia imekutana, na imekutana mtaani kwetu, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake.

3. Siti. Najua siti haiko chini ya ofisi yako, lakini barabara ingekuwa fupi nisingeikalia muda mrefu hivyo. Ni nyembamba kama mdomo wa bata. Aliyeibuni alikuwa na kinyongo na mtu fulani, akatuadhibu wote. Nilifunga mto wa kochi juu yake, tena kwa kamba madhubuti, nao ukateleza pale kwenye kona nami nikiwa juu yake. Nilibaki nimekalia mto, katikati ya barabara, baiskeli imetangulia. Dereva wa lori alisimama akaniuliza kama nauza makochi.

4. Gia. Fundi alinieleza kwamba namba ndogo ni za mlima na namba kubwa ni za tambarare. Nilimshukuru, nikaweka namba kubwa kuliko zote, na hapo ndipo ipo hadi leo. Shuleni namba moja ilikuwa ya wenye akili, hawakunipa hata siku moja. Leo mvi zimeingia ndipo wananikabidhi namba moja, tena ya wanyonge! Siipokei. Ofisi yako iweke kibao pale chini kwamba mlima huu unapandwa kwa gia ya heshima, ili wapita njia waelewe kinachoendelea usoni mwangu.

5. Upepo. Asubuhi ninapopanda, unashuka. Jioni ninapokuja kushuka, unapanda. Hakuna mtumishi wa umma anayeweza kuniambia kwamba hilo limetokea bila mtu kupanga.

6. Waenda kwa miguu. Naomba hili lisomwe polepole. Kuna bibi mmoja wa makamo anayepanda mlima ule kila asubuhi na kapu kichwani. Jumatano alinikuta nikikanyaga. Akanipita. Si kwamba alikimbia, alikuwa anatembea, tena akivuta kandambili. Alipofika sambamba nami alipunguza mwendo kwa heshima, akanisalimu, akaniulizia mke wangu, akaniulizia kazi, akaniulizia mvua kama itanyesha. Nami pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya matumizi mengine. Nilimjibu kwa nyusi. Jioni mke wangu ananiuliza, "Ni kweli siku hizi ukishapanda baiskeli husalimii watu?" Mheshimiwa, mlima wako umeniharibia jina. Nimeitwa majina mengi maishani, mwongo likiwemo, lakini mwenye maringo kamwe.

Baada ya kuyaweka wazi hayo, maombi yangu ni madogo. Kwanza, mlima uchongwe ifikapo Jumamosi jioni. Udongo utakaotoka umwagwe kule chini kwenye bonde, hivyo mtapata barabara iliyonyooka na mtakuwa mmezibiwa bonde bure. Kama matinga yako ya kuchonga barabara yana kazi nyingine, basi uchongwe upande wa kupandia tu, wa kushukia uachwe, sina ugomvi nao.

Kama hata hilo ni gumu, basi mlima ubaki, kihamishwe kibanda. Nilimwahidi shemeji mlangoni kwake, sikumwahidi kilele. Tuma mtu akapige rangi ukutani kwamba kibanda kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, kisha mkionee huruma, mkipe nafasi kule chini karibu na nyumbani kwangu. Nitasaidia kubeba cherehani. Shemeji atapata wateja wengi zaidi, maana wanawake wengi wananuia kwenda kushona nguo ila wakiutazama mlima wanaamua kuvaa za zamani.

Na kama ofisi yako haina uwezo wa kuhamisha chochote, si mlima si kibanda, basi naomba karatasi moja tu yenye muhuri, iseme kwamba Jumapili hiyo baiskeli haziruhusiwi kupanda, kwa usalama wa umma. Nitaibandika mimi mwenyewe. Kuzuiwa na serikali ni heshima, Mheshimiwa. Kuzuiwa na magoti ni aibu, na magoti hayana muhuri.

Mimi ni raia mwema. Sijawahi kukulalamikia mashimo, na hata lile la mbele ya ghala nimewafundisha wageni kulizunguka. Naamini utalifanyia kazi ombi hili kabla chaki ya ukutani haijafutika.

Wasalimie mama na watoto. Msalimie karani wako anayefungua barua, mwambie acheke kwa staha, yatamfika. Wasalimie madereva wa matinga, wapimaji, mlinzi wa getini na mama anayewaleteeni chai huko ghorofani, ambaye kwa ngazi zile nampa pole ya dhati. Muuguzi wa zahanati naye anakusalimu, ingawa hajui kama nimekuandikia.

Naomba kubaki, wako mwaminifu mwenye mapaja mazito,

Mjomba Injini,
Mpima Mizigo, Ghala la Nafaka.

Nyongeza, imeandikwa Jumapili jioni: Mheshimiwa, zuia matinga! Wasiguse kitu!

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu. Ningeweza kuichana barua nzima, lakini nilishawatangazia watu wote ghalani kwamba serikali inaushusha mlima, na habari hizo zikikufikia bila maelezo unaweza ukatii.

Imekuwa hivi. Leo asubuhi shemeji aliteremka mwenyewe hadi chini kuja kunisimamia. Nikaanza kukanyaga, naye akawa anatembea kando yangu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Kabla hatujafika nguzo ya kwanza akaanza: "Shemeji, hiyo ni pumzi au ni pancha?" Nikaona huyu nisipomziba mdomo nitaanguka kwa hasira. Nikaanza kumsimulia siku niliposhindana na garimoshi. Nilianza kwa neno moja moja, baadaye kisa kikanoga, kikachukua magoti yangu kikayaweka pembeni. Nilipofika pale dereva wa garimoshi alipochungulia dirishani, akavua kofia, akaninyooshea kidole, nikamsikia shemeji ananikatiza: "Ngoja, ngoja shemeji. Hiki si kibanda changu tunakiacha nyuma?"

Tulikuwa tumekipita, Mheshimiwa! Mguu haujagusa kitu! Kwamba yeye alitembea njia nzima na mimi sikumwacha hata hatua, hilo linaonyesha jinsi nilivyomheshimu. Mke wangu alikuwa amekaa kibandani tangu asubuhi, bila mkeka, bila kisingizio chochote. Alinitazama nilivyolowa, akaniletea maji, akasema tu, "Mbona mmechelewa?" Lakini glasi aliishika mwenyewe mpaka nilipomaliza kunywa.

Kwa hiyo mlima ule uachwe kama ulivyo, hata karai moja la udongo lisitoke. Mkiuchonga sasa, watu watasema Injini alipanda tambarare. Ikiwezekana ongezeni kidogo pale juu. Upepo nao sina neno nao tena, na kibanda kibaki palepale, tunakihitaji kwa ushahidi.

Limebaki jambo moja dogo. Pumzi iliniishia kabla ya kisa kuisha, na shemeji amenishika shati mchana kutwa anataka kujua dereva wa garimoshi alisema nini. Ameshaazima baiskeli ya fundi ili tupande wote Jumapili ijayo. Mdomo wangu, unaujua, ukamwambia mwisho wa kisa uko juu ya ule mlima mwingine, wa kwenye tangi la maji. Nimekwenda kuutazama jioni hii. Mheshimiwa, kuhusu yale matinga, kama hujayapangia kazi wiki hii, naomba tuonane.