Mjukuu Wangu si Jani

Kwa Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi,
kupitia kwa karani wa ofisi, ambaye naomba asiifanye barua hii kitako cha birika la chai, kama nilivyoona barua za wenzangu zikifanywa.

YAH: MJUKUU WANGU KUPEWA DARAJA LA JANI

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na umekaa kwenye kiti cha mtu mzima, jambo ambalo mimi sikujaliwa nilipofika shuleni kwako Ijumaa iliyopita.

Mimi ni babu mzaa mama wa mtoto wa darasa la pili, yule ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake hulala baada ya macho. Kabla ya kustaafu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne. Hakuna kitabu kilichotoka pale bila kupita chini ya kalamu yangu nyekundu, na hakuna mwandishi aliyewahi kuja kunishukuru. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia amezoea kosa kuitwa kosa.

Mama yake Chiriku ni muuguzi na siku ile alikuwa zamu, kwa hiyo nilikwenda mimi kupokea taarifa ya maendeleo ya mtoto. Mwalimu wa darasa, binti mwenye adabu sana, alinikalisha kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yangu yakawa majirani wa masikio, kisha akanifungulia karatasi yenye picha. Mbele ya neno "Kusoma" palichorwa jani.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hili jani maana yake nini?"

"Maana yake anaelekea, babu."

"Anaelekea wapi?"

"Kwenye matarajio."

"Atafika lini?"

"Kila mtoto ana mwendo wake, babu."

"Na wenzake waliokwisha kufika ni wangapi?"

Akatabasamu tabasamu la semina. "Siku hizi hatulinganishi watoto, babu."

Chiriku alikuwa amesimama pembeni yangu muda wote huo, akitazama jani. Nilishukuru, nikajinyanyua kwa kushika meza mbili, tukaondoka. Tangu hapo nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Madaraja yenu ni manne: mbegu, jani, ua na tunda. Nimeelezwa kwamba picha zinatumika ili mtoto asione aibu na mzazi asipandwe na presha. Nia ni njema. Lakini katika kazi yangu sikupata hata siku moja kuandika pembeni mwa mswada, "Sura hii ni jani." Niliandika, "Ukurasa wa arobaini, mstari wa sita, umekosea." Mwandishi alinuna, akarekebisha, kitabu kikatoka. Sasa mimi nirekebishe nini kwenye jani? Sijui kama mtoto anashindwa kuunganisha silabi, au anaruka mistari, au saa ya kusoma inamkuta na njaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi maradhi mmeyafunika kwa mchoro wa rangi ya kijani.

2. Mnasema hamlinganishi watoto. Mheshimiwa, wakati ninyi mkilisema hilo ndani, watoto walikuwa wakimalizia kazi hiyo nje. Kutoka mlango wa darasa hadi lango la shule ni hatua themanini na tatu. Nilizihesabu kwa sababu ya goti. Katika hatua hizo nilisikia kwa masikio yangu: "Sisi matunda, nyinyi majani! Majani chakula cha mbuzi!" Kitoto kimoja cha daraja la mbegu, chenye soksi moja, kikawajibu, "Nimezeni muone, nitaota tumboni mwenu!" Huyo, kwa maoni yangu, apandishwe daraja mara moja.

3. Wazazi nao si haba. Kabla sijavua viatu, simu ya binti yangu, aliyoisahau nyumbani, ilikuwa ikilia mfululizo kwa ujumbe wa kikundi cha wazazi wa darasa, naye aliporudi kutoka kazini akanisomea. Mama mmoja: "Wa kwangu tunda masomo yote, namshukuru Mungu tu, sisi wenyewe wala hatujui kafanyaje." Mwingine: "Hongera jamani. Wetu ni ua, ila mwalimu kasema ni ua linalokaribia kabisa kuwa tunda." Fundi cherehani wa mtaani kwetu akauliza, "Samahani ndugu zangu, kati ya jani na mbegu kubwa ni ipi?" Hajajibiwa mpaka leo. Binti yangu aliandika, akafuta, akaandika, akafuta, mwishowe akatuma picha ya mikono iliyokutanishwa, akaenda kuoga.

4. Hili ndilo lililoninyanyua kitini. Macho yangu, baada ya kuwinda makosa ya watu kwa miaka yote ile, yamedhoofika. Mwandiko mkubwa nausoma kwa kioo cha kukuzia. Maandishi ya gazeti hayanitambui wala siyatambui. Kwa hiyo kila alasiri Chiriku alikuwa akirudi shuleni, anavua sare, anakunywa maji, anakaa kwenye kigoda na kunisomea gazeti. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, nami nilimsahihisha kila neno papo hapo, kama ilivyo haki ya msahihishaji. Ijumaa ile nilimpa gazeti, akanirudishia. Akasema, "Mimi ni jani, babu. Mwambie tunda akusomee." Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwamba leo maji yamekatika. Leo ni siku ya sita. Magazeti yamelala juu ya kigoda yamekunjwa kama yalivyokuja, sijui dunia imefikia wapi, na nyumba ambayo haikupata kuwa na ukimya sasa inao mwingi kuliko inavyohitaji. Mengine yote ningeyameza, Mheshimiwa. Hili halipiti.

5. Ili isije ikasemwa kwamba nalaumu nisichokijua, nilijaribu utaratibu wenu nyumbani kwangu. Jumapili asubuhi nilimwambia binti yangu kwamba chai yake inaelekea. Akaniuliza inaelekea wapi. Nikamjibu kila chai ina mwendo wake. Tangu siku hiyo najichemshia mwenyewe. Jumatatu akaja fundi bomba. Alipomaliza nikamwambia kazi yake ni jani. Akaweka spana chini, akaniambia, "Mzee wangu, sema bomba linavuja au halivuji." Huyo ndiye mtu mwenye akili timamu niliyekutana naye wiki hii.

6. Kwa hiyo natoa ombi, nalo ni dogo. Rudisheni namba. Watoto wa darasa lile ni thelathini na tisa. Waandikwe kutoka wa kwanza hadi wa thelathini na tisa, na wakifungana zitumike desimali. Orodha ibandikwe langoni kwa herufi kubwa, kwa kuzingatia macho ya babu na bibi. Tena, kwa kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, haitakuwa haki kumpa namba mtoto peke yake. Mzazi naye apewe yake, ibandikwe kando ya ile ya mtoto, kulingana na mara alizokagua daftari. Mababu tuwe na karatasi yetu. Sitaki kujipigia debe, lakini naamini sitatoka nje ya tatu bora. Walimu wapangwe pia, na namba ya kila mmoja ishonwe kwenye mfuko wa shati. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, upangwe miongoni mwa walimu wakuu wote wa wilaya, na namba yako ipakwe rangi kwenye mlango wa ofisi, chini ya neno "Karibu". Kisha itafutwe ile kamati iliyoandika matarajio ambayo mjukuu wangu anatakiwa kuyaelekea bila ya wao kumjua hata kwa sura. Wanakamati wakalishwe kwenye vile viti kwa saa tatu mfululizo, Chiriku awaulize maswali, na mwisho awape picha anazoona zinawafaa.

Najua utaniambia kwamba mtoto atakayeshika mkia ataumia. Si kweli. Sisi tulitajwa mbele ya shule nzima, wa kwanza mpaka wa mwisho, na wa mwisho alipigiwa makofi ya kumcheka, wala haikutudhuru kitu. Mwenzangu wa dawati moja alishika mkia mihula mitatu mfululizo, akaacha shule akiwa na miaka kumi, na hajapita tena njia ya kwenda kule hata alipokuwa na watoto wake wa kuwasindikiza. Lakini hayo ni mambo yake binafsi.

Nakuomba unijibu kwa maandishi, kwa sentensi zenye mwanzo na mwisho, bila picha yoyote.

Nisalimie walimu wote, hasa yule binti wa darasa la pili, ambaye sina ugomvi naye. Nisalimie mlinzi wa lango aliyenishika mkono kwenye ngazi, mpishi, mfagizi, na huyo karani. Kitoto chenye soksi moja kipe salamu zangu za pekee.

Wako mwenye malalamiko lakini mwenye heshima,

Babu yake Chiriku
Msahihishaji (mstaafu)

Nyongeza, Jumatano jioni:

Sikukueleza hapo juu kwamba Jumatatu nilitia kikaratasi ndani ya daftari la mtoto, nikamwomba mwalimu wa darasa, kwa heshima ya mvi zangu, anitajie namba tu, kwa siri. Leo mchana, nikiwa natafuta gundi ya kufungia bahasha hii, Chiriku ameniletea jibu. Mwalimu amelifunga vizuri na kuliandika kwa herufi kubwa, Mungu ambariki. Nimelisoma kwa kioo. Ni namba, kama nilivyoomba.

Chiriku alikuwa amesimama mbele yangu na begi mgongoni. "Babu, mimi wa ngapi?"

Mimi, ambaye kwa miaka thelathini na minne sikuruhusu hata nukta iseme uongo, nimemwambia ni tangazo la shule kuhusu kufua sare.

"Mbona umelisoma muda mrefu hivyo?"

"Sare zina mambo mengi."

"Soma na mimi nisikie."

Nimesema limekwisha, nimelikunja, nimelitia kwenye jiko, nikachukua gazeti la juu kabisa kigodani na kuanza kulisoma mwenyewe kwa sauti ili tuzungumze jambo jingine. Nilikuwa nabahatisha. Amevumilia aya moja. "Babu, hapo hapajaandikwa hivyo! Umeruka mstari mzima! Lete hapa." Amevua begi, amekaa, ameweka kidole chini ya mstari. Ilikuwa habari ya daraja lililobomoka. Neno "halmashauri" limemwangusha mara tatu, na mara zote tatu nimefunga mdomo, jambo ambalo binti yangu, aliyekuwa mlangoni na sahani mkononi, hakuamini. Mara ya nne akalivuka peke yake, akaendelea hadi mwisho wa habari, akaniuliza kwa nini watu wazima wanajenga daraja bovu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba malalamiko yote sita yafutwe, pamoja na ile aya ya mwenzangu wa dawati, ambayo nimeisoma upya na sijui niliiandika kwa kuthibitisha nini. Mwalimu wa darasa asimpe namba ile mtu mwingine yeyote. Binti yangu akija kuiuliza, na atakuja, mwonyesheni picha. Mimi nikirudi kuiuliza, mlinzi asinifungulie.

Barua naituma hata hivyo, kwa sababu nimekwisha kuinakili kwa mwandiko safi na sipendi kuharibu karatasi nzuri.

Anakwama kwenye maneno marefu yenye herufi zilizobanana, basi. Silabi anaziunganisha vizuri, na mistari haruki. Niliyekuwa naruka ni mimi. Kesho tutaanza na ukurasa wa michezo.