Ofisi ya Mkoa ya Kusimamia Mwezi

Nina heshima kuutangazia umma kwamba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita mwezi una mkurugenzi.

Habari hiyo niliipata mapema kuliko wengine, kwa sababu mkurugenzi mwenyewe alitokea kwetu, mtaa wa Cimpunda, bila taarifa, akanikuta nafua soksi. Sikumjua. Alikuwa na kitambi, faili tupu na ordre de mission, karatasi ya safari ya kikazi aliyojiandikia na kujisainia mwenyewe.

"Weye njo Thierry? Ule wa programu ya mwezi?"

Nilikiri kwa unyenyekevu. Nina shahada ya informatiki na miaka minne bila kazi. Katika miaka hiyo nilitengeneza programu ya simu inayowaeleza watu wa ibada za siri, wale wa mishumaa na duara la chaki, mwezi umefika wapi na unafaa kwa tambiko gani. Soko ni dogo. Bukavu nzima ina watumiaji kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama yangu, Mkatoliki safi, anayeitazama kabla ya kupanda maharage.

"Serikali imekuona," akasema Papa Alphonse, maana ndilo jina lake. "Kuanzia leo uko Mushauri wa Teknike wa Mwezi."

Nilitokwa na machozi. Niliamini, na bado naamini, kwamba nchi hujengwa na vijana walio tayari kuketi kwenye kiti. Kiti nilipewa kesho yake. Barua ya kazi ilikuwa imeandikwa, ikingoja sahihi tu.

Tatizo la kiufundi lilijitokeza Jumatano, kwenye kamati. Uzinduzi wa ofisi ulipangwa Alhamisi, chini ya mwezi kamili, kwani inajulikana kwamba ofisi inayofunguliwa siku nyingine haidumu. Programu yangu ilisema mwezi ungejaa Jumapili.

"Siku tatu tu!" akasema Papa Alphonse. "Juu ya siku tatu tunapigana? Wakubwa ya Kinshasa banashuka ku avion Alhamisi. Sogeza mwezi."

"Mwezi hausogei, Papa Directeur."

"Mutumishi gani hasogei? Akipata barua ya mukubwa, atasogea."

Amri ilikuwa imekwisha pigwa mhuri. Kifungu cha kwanza: mwezi umejaa Alhamisi. Kifungu cha pili: mawingu yatavumiliwa. Sherehe ingefanyika saa nane mchana, ili kuepusha mabishano. Kwangu ilibaki kubonyeza tu, simu za watu zipate kukubaliana na serikali.

Kidole nilikinyoosha. Sitaficha. Mama alikuwa amewaambia watu wa parokia nzima kwamba mwanawe ana kiti.

Lakini Jumanne Maman Cibalonza alikuwa amenipigia. Ni mjane wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu na mkuu wa duara la hapa. Kwa desturi yao, jina la marehemu huachiliwa, naye apate kwenda zake, mara moja tu, mwezi kamili wa kwanza baada ya mwaka, na anayeliachilia hufunga siku tatu. Mwezi huo ukikupita, umekupita. Mume wake, Patrice, alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Macho ya Maman hayaoni mbali tena, na jioni zote anga lilikuwa limezibwa na mvua.

"Mutoto yangu, Jumapili njo kweli? Minaanza kufunga Ijumaa."

"Ni Jumapili, maman. Haitabadilika. Naahidi."

Kidole kikarudi mfukoni.

"Siwezi, Papa Directeur. Kuna maman moja ananitegemea."

"Maman moja! Na serikali iko maman ngapi?"

Kamati ilicheka dakika nne, kama ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kiti kiliondolewa nikiwa bado nimekikalia nusu. Barua alipewa mpwa wa mkurugenzi, aliyeuliza kama mwezi una likizo.

Alhamisi, saa nane, wakubwa waliupigia makofi mwezi kamili huku wakijikinga jua.

Ijumaa asubuhi programu yangu ilipata mtumiaji wa kumi na mbili. Simu ikalia.

"Thierry, ni miye," ikanong'ona sauti ya Papa Alphonse. "Miko natafuta tambiko kidogo ya kulinda nafasi yangu. Mwezi ya kweli iko siku gani?"

Amri yake ilikuwa mezani pangu. Ningeweza kumsomea kifungu cha kwanza.

"Jumapili, papa. Uende kwa Maman Cibalonza. Na uanze kufunga leo."

"Leo? Na nyama ya sherehe ingali inabakia!"

Jumapili, saa kumi na mbili jioni, tulikaa uani kwa Maman, ndani ya duara la chaki. Mawingu yalikuwa yamefunika vilima vyote hadi ziwani. Papa Alphonse alikuwa wa mwisho, juu ya jerikani, viatu mkononi. Maman akaeleza kanuni: mbele ya mwezi kila mtu ataje jina lake na kazi yake ya kweli, la sivyo tambiko linawaharibikia wote.

Zamu ya mkurugenzi ikafika. Akakohoa. Akautazama mlango.

"Alphonse," akasema. "Ku mwezi... sina kazi yoyote."

"Kwa nguvu, papa," akasema Maman. "Mwezi iko mbali."

Akarudia. Majirani walisikia.

"Thierry," nikasema. "Na mimi sina."

Hakuna aliyecheka. Maman Cibalonza, midomo imekauka kwa siku tatu, akanishika mkono na kuinua uso kwenye mawingu.

"Iko, mutoto yangu?"

"Iko, maman."

"Bon," akasema. "Patrice, sasa enda."