Msemaji wa Akina Baba wa Bombambili

Jumamosi, 2 Mei

Mke wangu Aurelia kaniandikisha kwenye kikundi cha akina baba. Bila kuniuliza! Kaniambia asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwangu, nisiweze kubisha.

Nimekwenda. Ukumbi wa ofisi ya kata, viti vya plastiki, wanaume kumi na wawili. Baridi inashuka toka milima ya Matogoro, kila mtu kajikunyata ndani ya koti lake. Dada Hilda, afisa maendeleo ya jamii, akasema hapa tunashirikishana uzoefu na kukua pamoja. Mimi nina miaka arobaini na minne. Nikue niende wapi?

Kila mmoja aseme jambo moja alilomfanyia mwanawe wiki hii. Nikasema nilimwacha Leticia aangalie katuni mpaka mwisho. Mtu mmoja akakohoa.

Kisha Daimu. Huyu ni mtu wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, kahamia Mshangano hapo jirani mwaka jana. Kaja na mtoto mchanga mgongoni, kamfunga kwa kitenge! Akasema, kwa sauti ya mtu anayenong'ona msikitini, kwamba kila asubuhi anamsindikiza binti yake Zabibu shuleni kwa miguu, na njiani Zabibu humsimulia alichoota. Basi. Ndiyo uzoefu wote huo. Wakampigia makofi! Kajetani wa bodaboda akafuta machozi mbele za watu.

Halafu likaja la maana. Ijumaa ya tarehe 15 ni Siku ya Familia. Uwanja utajaa, mgeni rasmi atakuwepo, na baba mmoja kutoka kikundi chetu atapanda jukwaani azungumze. Tutampigia kura Jumamosi ijayo.

Baba huyo ni mimi. Nimesaga mahindi ya watu kwa miaka kumi na tisa nikishindana kelele na mashine. Nani mwingine ana sauti?


Jumapili, 3 Mei

Nimeanza kazi. Baada ya misa nilimkalisha Leticia kwenye kigoda nikamtaka anisimulie alichoota. Akasema hakuota. Nikamwambia ajitahidi. Yuko darasa la tatu, hawezi kukosa ndoto!

Akafikiri sana. Akasema aliota mbuzi amevaa miwani, anasahihisha madaftari.

Nikamweleza kwamba hiyo haifai mbele ya mgeni rasmi. Aote nyingine leo, yenye mafunzo. Akaniangalia kama mteja niliyempunjia unga. Akainuka akaenda kucheza.


Jumanne, 5 Mei

Kama Daimu anabeba mmoja mgongoni kwenye kikao, mimi nitabeba wangu kazini! Aurelia alipotoka kwenda kwenye cherehani yake nilimchukua Calvin, miezi kumi, nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake. Fundo nililipiga lile la gunia. Halifunguki lile. Nikamwita Saimon, jirani anayekodisha muziki wa sherehe, aje kunipiga picha ya ushahidi. Nikawasha mashine.

Sikufikiria vumbi.

Baada ya madebe mawili Bibi Mwanahawa, mteja wangu wa siku zote, alipiga ukelele akaangusha beseni. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anaonyesha mgongo wangu kwa kidole. Saimon anasema Calvin alikuwa mweupe kuanzia utosini, macho mawili tu meusi yanapepesa, na anacheka. Mtoto alikuwa anafurahi! Naomba hilo likumbukwe.

Kisha akapiga chafya saba mfululizo, na Aurelia akatokea. Fundo likakataa. Akakata kitenge chake kwa mkasi wa kazini. Akasema neno moja tu, kwamba mtoto si kielelezo.

Leticia kaniletea barua ya mwalimu. Alhamisi saa nne wanafunzi wa darasa la tatu watawasomea wazazi insha zao. Akauliza kama nitakwenda. Nikamwambia nitakaa kiti cha mbele kabisa. Akauliza tena. Nikaapa.


Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi nilipitia kijiwe cha bodaboda kutafuta kura. Wanakikundi watano wanaegesha pale. Nikawaahidi kwamba wake zao hawatapanga foleni mashineni tena, wafike tu na kupita mbele. Wakafurahi, wakauliza maswali. Na wake wa kaka zao je? Na mama wakwe? Mazungumzo yakanoga. Nilipoangalia saa ilikuwa saa sita na robo.

Nilikimbia. Naapa nilikimbia. Nilifika shuleni natweta, nikakuta mlinzi anakusanya viti.

Kumbe mwalimu aliita mzazi wa Leticia mara tatu. Leticia kasimama mbele na karatasi yake, darasa zima linamtazama. Na nani aliyeinuka? Daimu! Alikuwepo kwa ajili ya Zabibu wake. Akasema yeye anamwakilisha Baba Leticia, ambaye amepata udhuru. Leticia akasoma.

Udhuru! Mtu ananipora mtoto mchana kweupe, halafu ananitetea!


Ijumaa, 8 Mei

Leticia haniongeleshi. Anamtumia Calvin. Calvin, mwambie baba chai iko mezani. Calvin, mwambie baba kakalia sweta langu. Nami sikukubali kushindwa, nikamjibu kupitia kwa Calvin hivyo hivyo. Calvin anatutazama kwa zamu na kutoa mapovu.

Nilimuuliza Aurelia insha ilisemaje. Akasema kama ningekuwepo ningeisikia. Sawa! Sina shida nayo. Insha ya mtoto wa darasa la tatu ina nini?

Nimemuuliza tena mara mbili.


Jumamosi, 9 Mei

Siku ya kura. Dada Hilda alitaka kila mgombea asimulie siku aliyojiona baba. Daimu akatangulia. Akasema siku Zabibu alipougua alikaa naye, hakujua la kufanya, akawa anamshika mguu tu. Kumshika mguu!

Mimi niliwapa kitu cha kushika. Nilisimulia jinsi Calvin alivyozaliwa njiani, mvua inanyesha, bodaboda imezima, mimi peke yangu na Mama Leticia kando ya barabara. Nikampokea mtoto kwa mikono hii. Nikamfunga kitovu kwa uzi wa kushonea magunia! Dada Hilda akaweka kalamu chini. Niliwaona wanalainika mikononi mwangu.

Kajetani akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, Baba Leticia. Mama nilimpeleka mimi, na hospitali tulifika salama. Wewe tulikupigia simu mara nne. Ulikuwa kwenye mpira."

Nikajibu kwamba kiroho nilikuwepo. Wakacheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu.

Matokeo: Daimu kura kumi. Mimi moja, niliyojipigia. Nyingine moja imeandikwa "Aurelia". Na wale watano wa foleni? Eti wataendelea kupita mbele, ahadi ni ahadi.

Sijashindwa. Nimecheleweshwa.


Jumatano, 13 Mei

Daimu kaja mashineni. Nilidhani kaja kujigamba. Kumbe kaja kuomba msaada. Hajawahi kushika kipaza sauti maishani, hajalala vizuri tangu Jumamosi. Akasema, "Kaka Polikarp, wewe Mwenyezi Mungu amekujalia sauti. Nifundishe."

Nikaona mlango unafunguka. Nikajitolea kumwandikia hotuba nzima. Niliiandika papo hapo, juu ya mfuko wa unga, na jina langu nikalitaja mara saba. Ndugu Polikarp, mfano wetu. Ndugu Polikarp, nguzo ya Bombambili. Akaisoma, akanishukuru kwa mikono miwili. Mtu huyu ana kasoro gani?

Alipokuwa anaondoka akatoa karatasi mfukoni. Mwalimu alimkabidhi siku ile kwa kuwa ndiye aliyesimama. Akasema si yake, na hajalala vizuri kwa sababu ya hiyo pia.

Ilikuwa insha ya Leticia. Nainakili hapa, makosa ya herufi nimeyarekebisha.

"Baba yangu ana mashine ya kusaga. Mashine inapiga kelele sana kwa hiyo baba anapaza sauti hata nyumbani. Watu wanadhani amekasirika. Hajakasirika. Nikitaka kumwambia kitu nangoja mashine izimwe. Lakini ikizimwa anaanza kuongea yeye. Nitamwambia kwamba nampenda nikipata nafasi."

Nimeisoma mara tatu. Unga uliniingia machoni. Unga wa dona ni mbaya sana kwa macho.

Nikazima mashine. Mabeseni manane yalikuwa kwenye foleni. Mama mmoja akauliza kama umeme umekatika, nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyekatika. Sijui nilimaanisha nini. Nikaenda shuleni kumngoja getini.

Leticia aliponiona akasimama. Akauliza nani amefariki. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku sita, nami niliyapokea kwa shukrani. Nikamwambia hakuna, nimekuja tu.

Tukatembea. Nilijiuma ulimi. Kwenye maduka mambo matano yalinijia ya kumwambia, yote mazuri, nikayameza moja moja. Na tulipopita kanisa akaanza mwenyewe. Kwamba hapendi kukaa dirishani kwa sababu ya baridi. Kwamba Zabibu ni rafiki yake, lakini anatafuna penseli zake. Kwamba siku ile ya insha alisoma akimtazama mlinzi nje asije akalia. Akanishika kidole kimoja, hiki kidogo.

Tulipokaribia nyumbani nikamwambia nimeisoma insha. Akaona aibu. Akasema, "Baba, usimwonyeshe mtu mwingine. Darasani walioisikia wanatosha. Ni yetu."

Nikaahidi. Sijawahi kutembea barabara ile na kuiona fupi namna hii.


Ijumaa, 15 Mei

Siku kubwa! Naandika mikono bado ina moto.

Uwanja ulijaa. Mahema, kwaya, ngoma, mgeni rasmi na miwani yake. Wanafunzi wamekaa mbele kwenye mikeka, Leticia na Zabibu kati yao. Daimu akapandishwa jukwaani na kitenge chake na mtoto wake. Akasema Bismillahi. Akasema ndugu mgeni rasmi. Sauti ikakata. Midomo inakwenda, hakuna kinachotoka. Hotuba yangu ikamdondoka, upepo ukaichukua na sifa zangu zote saba, ikaenda kunasa kwenye ngoma.

Akanitafuta kwa macho. Akanyoosha kipaza sauti kwangu.

Sikusukumwa. Niliitwa! Naomba hilo likumbukwe.

Nilipanda. Nikawasalimu, uwanja mzima ukaitikia. Nikasema baba ni nguzo. Nikasema baba ni paa. Nikasema baba ni msingi, na nyumba ikawa imekwisha. Watu elfu moja wananitazama na sina neno. Mimi! Mtu wa nyuma akaanza kuzungumza na mwenzake.

Karatasi ya insha ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilisoma yote. Kwa sauti niliyopewa. Nilipofika "nikipata nafasi" mama mmoja mbele alijifunika uso kwa khanga. Mgeni rasmi akavua miwani. Makofi! Vigelegele! Dada Hilda akalia wazi wazi, Kajetani ndiyo usiseme. Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi hivyo Bombambili, si Daimu, si mtu yeyote.

Nikamtafuta Leticia ili ainuke watu wamwone. Alikuwa kajivutia sweta mpaka kichwani. Alikaa hivyo, kama gunia dogo, mpaka sherehe ikaisha. Daimu alishuka jukwaani akaenda kukaa kwenye mkeka pembeni yake. Hakumgusa. Alikaa tu.

Baadaye nilimuuliza Daimu kama amesikia makofi. Akasema, taratibu, "Kaka, neno lile ulipewa peke yako."

Sikumwonyesha mtu yeyote! Niliwasomea. Ni vitu viwili tofauti, mtu yeyote mwenye akili anaona. Lakini nyumbani hakuna aliyetaka kuona.


Jumamosi, 16 Mei

Leticia hakunywa chai. Nilimwambia Jumatatu nitamsindikiza shuleni. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba atakwenda na Zabibu. Kwa adabu! Bora angepiga kelele.

Aurelia akanikalisha kwenye kigoda. Akasema mtoto alinipa kitu kimoja na nimekigawa uwanja mzima. Akasema niende nikamwombe msamaha, sisi wawili tu, polepole, kisha ninyamaze nimsikilize.

Nimefikiri asubuhi nzima. Sikuwasha hata mashine. Na naandika hapa wazi, kwa mkono wangu, kwamba nimekosea. Kweli. Nikiliona lile sweta kwenye kamba nageuza uso. Ile njia toka shuleni naitaka tena, na sitaki kuipata kwa ujanja.

Kwa hiyo nimekubali kuomba msamaha. Ila Aurelia kakosea vipimo. Kosa lilikuwa la hadharani. Msamaha wa kunong'ona jikoni utatosha nini? Ungekuwa dharau kwa mtoto!

Nimeshazungumza na Saimon. Ana spika nne, mbili zile kubwa za harusi, na jenereta. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mstarini, darasa la kwanza hadi la saba. Mwalimu mkuu kakubali nilipomwambia ni jambo la malezi. Dada Hilda atamleta mtu wa redio. Nimeandika kurasa sita, na Leticia atasimama kando yangu wakati wote, kwenye meza, ili hata walio nyuma wamwone vizuri.

Yeye bado hajui. Aurelia naye hajui. Nataka wasikie kwa mara ya kwanza pamoja na shule nzima jinsi ninavyojua kumsikiliza mwanangu.