Karo Langu Halijajaa

Jumatatu, 9 Juni 2025. Ruangwa mjini.

Choo kimeanza kuongea. Nikivuta maji kinanijibu: bluku, bluku, bluku. Mke wangu Zulfa anasema hiyo ni dalili kwamba karo la maji taka limejaa. Nimemwambia ni hewa tu, kila mwenye tumbo hutoa hewa. Hakucheka.

Karo langu haliwezi kujaa. Nililichimba mwenyewe. Yaani, nilisimama pale wakati linachimbwa. Hiki ndicho choo cha kwanza cha kuvuta maji mtaani kwetu! Jirani yangu Masoudi bado anachuchumaa kwenye choo cha shimo. Kila nikivuta maji najua anasikia. Napata raha sana.

Zulfa analaumu mradi wangu wa kuosha pikipiki. Ni kweli, bodaboda wanaotoka machimboni Namungo huoshea uani kwangu, na tope na sabuni vyote vinateremkia karoni. Nikamuuliza alitaka viteremkie wapi. Barabarani, watu waone? Biashara ya kisasa haionyeshi tope.

Tatizo halisi ni wivu wa watu.

Jumanne, 10 Juni.

Habari kubwa! Binti yangu Sabaha, mwalimu wa shule ya msingi, anaposwa. Wanakuja Jumamosi kutoka Lionja, kule Nachingwea. Kijana anaitwa Habibu, fundi umeme, mpole. Baba yake ni Mzee Abdala, mwenye mashamba ya mikorosho mpaka macho yanachoka. Ukoo wa watu wazito. Nikiharibu hili, Sabaha hatanisamehe, na mama yake ataanza kunihesabia makosa tangu siku ya harusi yetu.

Nimempigia simu Mzee Abdala kumkaribisha. Nikamwambia pia kwamba kwangu kuna choo cha kukaa, kama hotelini. Aliniomba nirudie, kisha akasema sawa. Nadhani alivutiwa.

Jioni maji ya bafuni yamekataa kushuka. Yalisimama tu, yananitazama. Zulfa akasema tuite gari la kunyonya maji taka. Kamwe! Gari lile lina mlio na harufu yake. Likisimama mlangoni kwangu, mtaa mzima utajua, na Masoudi ataleta kiti akae aangalie. Nikasema mwanaume humaliza mambo yake kimyakimya.

Sabaha akadakia, "Baba, kimya gani wakati choo kinasikika mpaka kwa jirani?"

Ualimu umemharibu.

Alhamisi, 12 Juni.

Nimepata dawa! Mwenye duka kaniambia ndani ya karo wamo wadudu wadogo wanaokula uchafu. Kumbe wangu wana njaa! Amira itawaamsha. Nimechukua amira yote iliyokuwa dukani. Tena nikakumbuka kwamba wadudu wa namna hiyo wamejaa kwenye kinyesi cha ng'ombe. Akili ikifunguka, imefunguka.

Nikaenda kwa Lubasha, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Nikamwomba mkokoteni mzima wa kinyesi kibichi. Akaniuliza nalima nini. Nikamweleza kwamba ni cha chooni. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu," akasema, "huko kwenu watu hamjitoshelezi?"

Nikamwambia hii ni sayansi. Akanipakilia, lakini aliendelea kutikisa kichwa mpaka nikapotea machoni pake.

Nimefunua karo. Nikamimina kinyesi, amira, sukari na maji ya uvuguvugu. Harufu ilipozidi nikaongeza madumu ya dawa ya kuua vijidudu. Zulfa akauliza kama dawa hiyo haitawaua wadudu wale wale niliotoka kuwalisha.

Nikafungua dumu jingine.

Ijumaa, 13 Juni.

Karo limeumuka! Mfuniko umeinuka upande mmoja, na povu linatoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nimeweka matofali juu yake. Povu sasa linatokea pembeni.

Msikitini watu walinipa nafasi kubwa sana, kushoto na kulia. Masoudi akanong'ona kwamba jirani, leo una safu yako mwenyewe. Nilimsamehe. Ni siku ya Ijumaa.

Nimepiga marufuku choo mpaka wageni waje na waondoke. Zulfa na Sabaha wakachukua kopo na kwenda kwa Masoudi. Kwa Masoudi! Wamerudi wanasifu. Eti kikavu, eti kuna hewa, eti mkewe kaweka na ndoo ya kunawia. Usaliti.

Sabaha kasema atamwita rafiki yake Helena, bibi afya wa kata. Nimemkataza kwa sauti ya baba. Akajibu, "Haya, Baba," kwa sauti ya mwalimu. Sauti hiyo siipendi.

Lakini kesho nitang'ara. Nyuma ya nyumba, pale maji ya karo yanapokwenda kunywea ardhini, nyasi ni za kijani kibichi. Kiangazi hiki mtaa mzima umekauka, kwangu tu kuna bustani. Baraka tupu. Nimepanga viti vya plastiki pale pale.

Jumamosi, 14 Juni.

Sijui nianzie wapi.

Wageni walifika wamependeza. Mzee Abdala ni mtu mkubwa, kanzu yake ingetosha kuwa hema. Nikamkalisha katikati ya kijani. Mshenga akaanza hotuba ndefu kuhusu ua lililoonekana katika bustani ya watu. Alivyoendelea kulisifu ua, Mzee Abdala akaendelea kushuka. Miguu ya kiti ilikuwa inazama! Taratibu, kwa heshima, huku yeye mwenyewe anatazama mbele kama hajui. Magoti yakafika karibu na kidevu. Kisha maji meusi yakachomoza kwenye makubazi yake.

Nikasema ni chemchemi.

Hapo ndipo shangazi yake Habibu, Bi Zaina, alipoomba kwenda kutia udhu. Ningemzuiaje? Wote walishasikia habari za choo changu. Nikampeleka, nikafungua mlango, nikaomba dua fupi.

Alivuta maji. Badala ya kushuka, yakapanda. Alitoka ameshika viatu mkononi.

"Kaka yangu," akasema, mbele ya watu wote, "choo chako kinarudisha."

Nikamwona Zulfa amefunika uso kwa mtandio. Nikafikiria kukimbilia Namungo, nikaanze maisha mapya machimboni.

Kabla sijakimbia, Sabaha alitoka ndani. Anayeposwa hatoki! Alitoka. Akapiga magoti mbele ya Mzee Abdala, pale pale kwenye ubichi, na gauni lake jipya.

"Shikamoo, baba. Mtusamehe. Karo letu limejaa na baba yangu aliona aibu kusema. Gari la kunyonya limeshafika kona ile, nimeliita mimi. Jirani yetu amekubali mkapumzike kwake."

Mzee Abdala akamwitikia marahaba. Kisha akanyoosha mikono, vijana wakamng'oa kwenye kiti.

Posa ya binti yangu ikafanyika sebuleni kwa Masoudi. Masoudi! Kavaa koti. Mzee Abdala aliingia kwenye kile choo cha shimo, akakaa humo kwa utulivu, akatoka anasema hajaona choo chenye adabu kama hicho. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kwa sababu ya harufu yangu.

Baadaye akaniita. Akasema, "Mkwe, mtoto anayesema ukweli mbele ya watu, huyo ndiye tuliyemfuata. Tumekubali."

Nikalia. Kidogo tu. Nikamwambia malezi hayo ni yangu. Zulfa akakohoa.

Jumapili, 15 Juni.

Gari limerudi kumalizia. Masoudi kaleta kiti kweli, na mwavuli.

Kimetoka kinyesi cha Lubasha, vitambaa vya kufutia pikipiki, nepi za mjukuu aliyetutembelea, na tope jekundu la Namungo, zito kama la kufinyangia vyungu. Helena, ambaye kumbe Sabaha alimwita hata hivyo, akanieleza, huku anajizuia kucheka. Uchafu mzito unazama chini ya karo, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka kwenda kunywea ardhini. Tope haliliwi na mdudu yeyote. Linajaza karo, kisha linaziba ardhi isinywe tena. Nyasi za kijani zilikuwa zinanitangazia kwamba maji taka yanapanda juu. Dawa kali inaua wadudu wanaofanya kazi. Nepi, pedi, vitambaa, mafuta, vyote marufuku. Maji ya kuoshea vyombo vya moto yachimbiwe shimo lake. Na karo likaguliwe na kunyonywa kabla halijaongea.

Nikauliza kuhusu amira.

"Baba," akasema, "amira ni ya maandazi." Hapo akashindwa kujizuia. Dereva naye akacheka. Masoudi akacheka kwa heshima zaidi kuliko wote, na hilo ndilo liliniuma.

Nimekubali kila kitu mbele ya Sabaha. Pikipiki haitaoshwa tena hapa. Nimeapa.

Jumamosi, 28 Juni.

Shimo jipya la kunywea maji ya karo limekamilika. Choo kinavuta kama cha mfalme, hakisemi neno. Kiapo changu nimekitunza: hakuna hata tairi moja iliyooshwa. Nimemweleza Masoudi kwamba posa nilimwachia aiandae yeye makusudi, kama heshima ya ujirani. Akaingia ndani kwake, atakuwa ameguswa.

Leo nilikuwa kijijini Marambo. Nimekutana na bwana anayeuza mashine ya kukamua ufuta. Na huu ndio msimu wenyewe! Itakaa uani, pale pikipiki zilipokuwa. Bomba tayari lipo, masalia na maji ya kuoshea mashine yatateremka yenyewe. Karo limekaa tupu, halina kazi yoyote. Ni kufuru kuliacha hivyo.

Najua, Helena alikataza mafuta. Lakini alimaanisha mafuta machafu. Haya yangu ni safi kabisa.